Je, Ulikuwa Unatafuta Jina Hili?

Mkuu wangu wa kazi ni mtu wa suti na manukato, na ana tabia ya kugonga meza kwa kalamu kila anapotaka kumaliza mazungumzo. Siku ile aliigonga kabla hata sijakaa vizuri. "Mutumiaji njo alikosea," akasema, yaani mtumiaji ndiye mwenye kosa. "Programu haina kosa." Niliitazama ile kalamu nikatamani kuivunja vipande viwili mbele ya macho yake.

Nieleze kosa lenyewe, maana usipolielewa utadhani nagombana kwa ajili ya upuuzi. Ninatunza programu ya ghala la dawa hapa Kindu. Muuguzi aliye mbali, akitaka kujua dawa fulani inapatikana kituo gani, huchukua simu yake akaandika jina la ombi. Maombi yenyewe yametengenezwa tayari na kila moja lina jina lake: serum-kibombo, kwinini-pangi, damu-lubutu. Ukiandika jina, programu huchungulia ndani ya hifadhi yake ya taarifa na kukujibu kwamba dawa iko kituo fulani na imebaki kiasi fulani. Ni kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini ukikosea jina, hata kama umekosea kidogo tu, hukujibu maneno mawili, JINA HALIPO, kisha hunyamaza kama mlango. Jibu hilo sikulitunga mimi. Lilikuja pamoja na programu kutoka Kinshasa, na mimi niliajiriwa kuitunza, siyo kubishana nayo.

Sasa, wauguzi wetu wenye umri wamekulia kwenye fonie, zile redio za kuongea na watu wa mbali ambazo ndizo tulizokuwa nazo kabla ya minara ya simu. Fonie ina adabu yake. Kwanza unamwita unayemtaka, unamwita mpaka aitike, halafu unajitaja, na mwisho kabisa ndipo unasema shida yako. Ukianza na shida, watu wote walio hewani watakucheka. Muuguzi mmoja wa upande wa Kibombo, mtu wa makamo aliyeshika fonie nusu ya maisha yake, aliletewa mama aliyeumwa na nyoka akivuna mpunga. Akashika simu, akaandika kama mkono wake ulivyozoea: kibombo-serum. Mahali kwanza, shida baadaye. Programu ikamjibu, JINA HALIPO. Akajaribu kibombo-nyoka. JINA HALIPO. Akajaribu kibombo-dawa-ya-nyoka, na yule mama analia pembeni yake, mguu umeanza kuvimba. Jibu likawa lilelile.

Serum, ile dawa ya kuua sumu ya nyoka, ilikuwepo. Ilikuwa kwenye kituo kimoja upande wa Tunda, ndani ya Kibombo hiyohiyo, mahali ambapo pikipiki ingefika na mafuta yakabaki. Muuguzi hakuwa na njia ya kulijua hilo, basi akampakia mgonjwa kwenye pikipiki na kumleta Kindu, kwa barabara ambayo mvua ilikuwa imeitafuna. Mama alifika hai. Mguu wake ulikatwa juu ya goti. Nilienda kumsalimia hospitalini na kumpelekea uji, na hakuniuliza chochote kuhusu programu, kwa sababu hajui kama ipo. Aliniuliza kama kule shambani kuna mtu aliyemalizia kuvuna mpunga wake.

Ndiyo maana nilikuwa mbele ya ile kalamu. Nilikuwa nimemletea mkuu mpango wa kitu kidogo sana. Programu, ikipokea jina isilolijua, isifunge mdomo. Iangalie majina iliyo nayo, itafute yanayokaribiana na lile lililoandikwa, kisha iulize kwa upole: je, ulikuwa unatafuta hili? Dokezo tu, basi. Mkuu alisikiliza nusu.

"Tukianza kuonyesha majina kwa kila muntu, kesho kila muntu atajua dawa iko wapi," akasema. "Ile ni mambo ya usalama, ni sekirite, mama. Mwenye kutafuta ombi anapashwa kujua jina yake. Kama haijue, haimuhusu."

Hapo damu ilinipanda kichwani kwelikweli. Sentensi hiyo niliwahi kuisikia, karibu neno kwa neno, katika mji huuhuu, nikiwa mtoto, kutoka kwa mtu mwingine aliyekaa upande wenye kivuli wa dirisha.

Baba yangu alikuwa fundi wa malori. Kabla vita havijafika kwetu, lori la mfanyabiashara mmoja liliharibikia Lubutu, sanduku la gia limekufa, na baba akapanda huko na vifaa vyake. Mama alikuwa mjamzito. Kwetu baba ndiye anayetoa jina la mtoto, na baba yangu alikuwa mkali katika jambo hilo kuliko mashehe. Aliondoka akimwambia mama, "Jina nitalituma mimi mwenyewe. Muniite kwa fonie. Muombe Nyota." Nyota lilikuwa jina la kuitia fonie ya yule mfanyabiashara kule Lubutu, kwa sababu kila fonie ilikuwa na jina lake hewani.

Vita vikaja, barabara ikafungwa. Kindu ikawa kama mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe: hutoki, huingii, chumvi inapimwa kwa kifuniko cha chupa ya bia, na ukivuka mto kwenda Alunguli unaaga kama unakwenda Makka. Mdogo wangu alizaliwa katikati ya hayo. Siku ya saba ikafika, ndugu wakakusanyika uani, na jina hakuna.

Baba mkubwa, kaka yake baba, akasimama atoe jina. Mama akamkatalia mbele ya watu wote, jambo ambalo mwanamke hakulifanya katika familia yetu. "Baba yake iko muzima," akasema. "Mutu muzima njo anatoa jina ya mutoto wake." Watu walinung'unika, lakini kila mmoja alielewa. Siku ambayo mwingine angempa mtoto yule jina, ndiyo siku ambayo familia ingekubali kwamba baba amekufa. Mama hakuwa tayari kumzika mume wake kwa kinywa. Basi mdogo wangu akabaki anaitwa mutoto, hivyohivyo, kama wa jirani.

Fonie ilikuwa nyumba ya matofali karibu na soko, betri ya gari chini ya meza, waya umening'inizwa kutoka paa hadi kwenye mchikichi. Wenye bunduki walikuwa wameiacha ifanye kazi kwa sababu na wao waliihitaji, ila waliamuru majina ya hewani yabadilishwe na raia wasielezwe. Nje palikuwa na benchi la kungojea na dirisha dogo lenye nondo. Nyuma ya nondo alikaa mshika fonie, amevaa vile visikilizio vyake kichwani hata wakati hasikilizi kitu, kama taji.

Mama aliweka uso wake kwenye nondo. "Ninaomba Nyota," akasema.

"Nyota haiko."

"Nyota ya Lubutu. Bwana yangu iko kule."

"Mama, jina ile haiko. Wanabadirisha majina yote. Mwingine!"

Mwingine akasogea. Mama hakusogea. Akauliza kwa adabu, kwa sauti ileile anayoombea moto kwa jirani, "Sasa ya Lubutu inaitwa namna gani?" Na yule mtu akamjibu bila kuinua macho: mwenye kutafuta fonie anapashwa kujua jina yake, na kama haijue, haimuhusu.

Tulirudi keshokutwa. Tulirudi wiki iliyofuata. Tulirudi mpaka benchi lile likajua makalio yetu. Mama alimfunga mtoto mgongoni, mimi nikabeba kikapu cha mihogo ya kuuza baadaye, tukakaa. Alikuwa akijaribu majina ya kubahatisha. Aliomba Mwezi. Aliomba Jua, kwa sababu kama walikuwa na Nyota huenda wamepanda juu zaidi. Aliomba jina la mfanyabiashara mwenyewe, jina la mtaa, jina la lori. Kila mara dirisha lilimjibu kwamba haiko, na kila mara akasema asante. Ile asante ndiyo inayonichoma mpaka leo. Nilikuwa mtoto na nilitaka atukane.

Katikati ya "haiko" moja na nyingine, mshika fonie alifanya kazi zake. Alipiga kelele kwenye kile kipaza sauti chake kama mtu anayefukuza kuku: "Daraja, Daraja, Daraja! Munanisikia?" Nakumbuka kwa sababu nilipenda jinsi alivyolivuta. Nyumbani nilimwigiza, nikiwa nimeshika kibuyu mdomoni, na mdogo wangu mgongoni kwa mama akacheka mpaka akapata kwikwi. Daraja, Daraja, Daraja. Ulikuwa mchezo wetu sisi wawili.

Kisha homa ikaja, ile ya watoto, na kwenye zahanati hapakuwa na kitu isipokuwa muuguzi na kitanda. Mdogo wangu alikuwa ameanza kusimama kwa kushika ukuta. Sitaeleza siku zile. Siku ya kuzika, mmoja wa wale waliochimba kaburi aliuliza, bila ubaya wowote, "Jina yake nani?" Baba mkubwa aliinamisha kichwa. Mama akajibu, "Baba yake njo atamuita." Tukafukia.

Tangu siku ile mama hakwenda tena kwenye fonie. Hakuwa tena na la kuomba.

Barabara zilipofunguka baba alirudi, amekonda, ndevu zimeingia mvi, vifaa vyake vyote vimeibwa isipokuwa spana moja. Hakupiga hodi. Aliingia uani akiita jina, kwa sauti kubwa, kwa furaha, jina ambalo kwetu huvaliwa na mwanamume na mwanamke sawasawa. Aliita tena. Hakuna aliyegeuka, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyelijua. Tulisimama tukimtazama mtu huyu akiita, na yeye akatutazama, na tabasamu likawa linamtoka polepole.

"Sababu gani muko kimya?" akauliza. "Mutoto iko wapi?"

Mama alimwonyesha kwa kidevu upande wa makaburi.

Alipoweza kuongea tena alitueleza. Alikuwa ameketi kwenye fonie ya Lubutu miezi na miezi. Tajiri wake aliongea na Kindu karibu kila asubuhi, mambo ya mawese na mchele, na nyumba aliyoongea nayo ndiyo ileile ya karibu na soko. Baba aliwahi kumsihi aombe mke wa fundi wa malori aitwe, na mtu wa Kindu akajibu kwamba hamjui. Naye hakusema uongo. Hakuwahi kumuuliza mama yeye ni mke wa nani wala anamtafuta nani. Alimuuliza jina la fonie tu. "Nyota ilikufa mapema," baba akasema. "Walitubadirisha. Tuliitwa Daraja."

Nilimtazama mama, na niliona kwamba naye amelisikia. Aliingia jikoni, akachukua mchi, akatwanga sombe mpaka yale majani ya mihogo yakawa maji, na akaendelea kutwanga.

Watu huniambia, mshika fonie aliogopa, wenye bunduki wangempiga. Najua. Nilikuwepo, niliwaona wakipiga. Sikumtaka avunje amri atangaze majina sokoni. Nilitaka amwangalie mwanamke mwenye mtoto mgongoni na kumuuliza, unatafuta nani? Swali hilo halikuwa limekatazwa na mtu yeyote. Amri ilimfunga kidogo tu. Palipobaki alijifunga mwenyewe, kwa sababu ni raha kukaa upande wa dirisha wenye majina. Nimefanya kazi ofisini miaka ya kutosha kuijua raha hiyo. Inanuka manukato.

Basi mkuu aliposema maneno yake niliinuka. Nilirudi kwenye meza yangu nikafunga mlango nikaanza kuandika. Alisema sekirite, nami nikaamua kumpa sekirite mpaka imtoke puani. Kila muuguzi ana ruhusa ya maombi fulani na hana ya mengine. Hilo limo kwenye programu tangu zamani. Kwa hiyo dokezo langu litachagua kutoka kwenye majina ambayo mtu huyo ana haki ya kuyafungua, na hayo tu. Muuguzi wa Kibombo hataonyeshwa ya Lubutu. Mgeni asiye na ruhusa hataonyeshwa kitu. Hakuna siri inayovuja hapo, labda siri kwamba tulikuwa wavivu.

Kulinganisha majina ndiko kulikonichosha. Njia ya vitabu ni kuhesabu herufi: ni ngapi ubadilishe ili jina hili liwe lile. Inafaa kwa aliyeteleza kidole. Kwa mtu wa fonie haifai hata kidogo, kwani kibombo-serum na serum-kibombo, ukizihesabu herufi kwa herufi, zinaonekana kama watu wawili wasiojuana. Kwa hiyo nilifundisha programu kwanza kuvunja jina vipande, isijali kipande gani kimetangulia, halafu ndipo itazame herufi. Nikaongeza maneno ambayo watu wetu huyatumia: aandikaye nyoka apelekwe kwenye serum. Nikaizuia isitoe majina zaidi ya machache, maana mtu mwenye mgonjwa anayelia hawezi kusoma gazeti. Na nikaikataza kabisa kufungua jina lenyewe kwa kukisia. Ipendekeze, kisha ingoje mtu aseme ndiyo. Dawa ya kubahatisha ni mbaya kuliko kukosa dawa.

Kisha nikafika mahali pagumu. Je, kama hakuna jina linalokaribia hata moja? Wenzangu wa Kinshasa, nilipowauliza kwa simu, walisema hapo iache programu inyamaze, usijisumbue. Nilikata simu kabla sijawatukana. Mtu anayepotea karibu na njia ana nafuu. Aliyepotea mbali ndiye wa kusemeshwa zaidi. Niliandika jibu la mahali hapo, nikalifuta, nikaliandika tena, asubuhi nzima ikaisha kwa sentensi mbili. Hakuna kitu nilichowahi kukiandika kwa uangalifu kiasi hicho, hata barua ya kuomba kazi.

Nilipomaliza nilimwita yule muuguzi wa Kibombo kwa simu na kumwomba aandike kama alivyoandika siku ile. Nilimsikia akihema. Kisha akanisomea kilichomjia, pole pole kama anasoma mbele ya darasa: "Jina kibombo-serum silijui. Je, ulikuwa unatafuta serum-kibombo?" Akaisoma tena. "Yote njo hii tu?" akauliza. "Hii tu njo ilikosekana?" Nikamwambia ndiyo, hii tu, nikamwomba ajaribu na kibombo-nyoka, na vocha inaliwa.

Ilibaki kujaribu lile jibu la mwisho. Kwa jaribio hilo unahitaji jina ambalo hakika halimo kwenye hifadhi na halifanani na lolote lililomo. Wengine hubonyeza vitufe ovyo. Mimi niliandika jina ambalo baba aliingia nalo uani.

Mkuu alikuwa ameingia bila kubisha, amesimama nyuma yangu na kalamu yake. Nadhani alikuja kunikataza. Akainama kusoma kwenye kioo. "Ombi gani tena ile?" akauliza. "Ile jina sijaionaka."

"Ni ya mudogo wangu," nikasema.

"Iko anatumika kazi kituo gani?"

Nilimweleza kituo gani: makaburini. Nilimweleza na dirisha na benchi, na sikuishusha sauti, na wale wa chumba cha pili waliacha kuandika. Hakugonga chochote. Alitoka, na mpaka leo hajasema kama dokezo limekubaliwa au limekataliwa. Limo ndani linafanya kazi. Akitaka litoke, aje alitoe mwenyewe, na aende Kibombo kumweleza yule mama mwenye mguu mmoja kwa nini.

Jaribio langu sijalifuta. Kila asubuhi programu inapowashwa inajipima, inaulizwa jina la mdogo wangu, na inajibu vilevile nilivyoifundisha: "Jina hili silijui, na sina linalokaribiana nalo. Hii haina maana kwamba unayemtafuta hayupo. Niambie, unatafuta nani?"